Bunduki Iliyo Kabatini

Mgeni anayeshuka Marekani kwa mara ya kwanza huja akiitafuta bunduki kwa macho. Habari amezisikia, sinema ameziona, anategemea kukutana na watu waliojifunga bastola viunoni. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, hajaona kitu. Anachokutana nacho ni kibandiko. Kiko kwenye mlango wa kioo wa hospitali, wa maktaba, wa mgahawa: picha ya bastola nyeusi ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari. Illinois sheria imekipangia mpaka vipimo, inchi 4 kwa 6, juu ya weupe. Texas wanatumia mabango ya maandishi, moja likitaja kifungu cha 30.06 kwa bastola iliyofichwa na jingine 30.07 kwa bastola inayoonekana, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue urefu wa inchi 1.

Wengi hukipita kibandiko hicho wakidhani ni katazo la kawaida, kama la kuvuta sigara. Kinastahili kusomwa taratibu. Maana yake, katika majimbo mengi, ni kwamba kwenye mlango usiokuwa nacho, mwenye ruhusa ya kubeba bastola anaingia nayo, anaketi, anaagiza kahawa, na hajavunja sheria yoyote. Aliyekaa meza ya pili hajui wala hatajua. Na ruhusa yenyewe, katika majimbo 29 hadi mwaka 2024, haihitaji kibali: mtu mzima asiye na zuio la kisheria anaificha bastola chini ya shati na kutoka nyumbani kwake.

Kwetu bunduki huvaa sare. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala utaiona begani mwa askari, au magotini mwa mlinzi aliyekalia kiti cha plastiki mlangoni pa benki. Raia anayemiliki silaha yupo, ana kibali chake, lakini mtaani ni mtu wa nadra. Mashariki mwa Kongo hata sare haitoshi kumwambia mwananchi bunduki hiyo ni ya nani, lakini bado anaiona, na akiiona anajua la kufanya. Macho yetu yamefundishwa hivyo: hatari ni bunduki inayoonekana. Marekani macho hayo hayana kazi. Benki nyingi hazina mlinzi mwenye silaha mlangoni, ilhali jirani anayekata majani Jumamosi asubuhi huenda ana bunduki nne ndani ya nyumba.

Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Marekani wana silaha za moto milioni 393, idadi inayozidi watu wenyewe. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza mwaka 2023, asilimia 32 tu ya watu wazima walisema wanamiliki, na takriban wanne kati ya kumi wakasema wanaishi kwenye nyumba yenye bunduki. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja utaona kwamba anayemiliki kwa kawaida hana moja, na kwamba asiyemiliki yuko katika kundi kubwa zaidi. Asilimia 72 ya wamiliki walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa. Kwa hiyo silaha nyingi zinakaa pale ambapo mtu hulala.

Hapo ndipo nadhani wageni wengi, na sisi watu wa Afrika Mashariki tukiwemo, tunapokosea. Tunaiogopa bunduki ya taarifa ya habari, ya mtu anayeingia dukani au shuleni na kuua wengi. Hofu hiyo ina msingi, na msiba wa namna hiyo hauna kipimo. Lakini bunduki zinazomhusu mgeni kila siku ziko mahali pengine: kwenye kabati la chumbani, nyuma ya mlango wa mtu asiyemfahamu, na ndani ya wazo la askari anayelisogelea gari lake.

Tuanze na dukani, maana huko ndiko uvumi ulikojaa. Anayesema bunduki Marekani hununuliwa kama sukari yuko nusu sahihi. Mnunuzi anaingia kwenye duka lenye leseni ya serikali kuu na kutoa kitambulisho chenye picha na anwani anayoishi sasa. Anajaza fomu namba 4473. Fomu inauliza jina, anwani, uraia, kisha maswali ya ndiyo na hapana: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja? Unatumia dawa za kulevya, ikiwemo bangi hata kama jimbo lako limeihalalisha? Umewahi kupatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani? Na swali la kwanza katika yote: je, wewe mwenyewe ndiye mnunuzi halisi? Kisha muuzaji anapeleka taarifa hizo kwa simu au mtandao kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kazi Novemba 1998, ambao kituo chake kiko West Virginia. Majimbo mengine hufanya ukaguzi huo kupitia polisi wao. Jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Mara nyingi jibu huja kabla mnunuzi hajamaliza kuangalia bei za risasi.

Palipo na udhaifu ni kwenye lile jibu la kati. Ukaguzi usipokamilika ndani ya siku 3 za kazi, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Hivyo ndivyo muuaji wa watu tisa katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, Juni 2015, alivyoipata bastola yake: rekodi ambayo ingemzuia ilikuwepo, mkaguzi aliitafuta kwenye ofisi isiyo yake, siku zikaisha. Kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, sheria ya mwaka 2022 imeongeza muda huo hadi siku 10 za kazi pale panapotokea shaka. Majimbo nayo yana yake. California mnunuzi husubiri siku 10 hata akiwa malaika. Illinois ni saa 72, tena lazima awe na kadi ya jimbo ya mmiliki silaha. Na jirani akimuuzia jirani ndani ya jimbo moja, serikali kuu haidai ukaguzi wowote. Baadhi ya majimbo, kama California na Colorado, yamelifunga pengo hilo. Mengi hayajalifunga.

Baada ya hapo fomu huenda wapi? Jibu linawashangaza wageni kuliko yote: inabaki dukani. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kutengeneza daftari la wamiliki. Polisi wakiokota bastola kwenye tukio la uhalifu, kituo cha ufuatiliaji kilichoko Martinsburg, West Virginia, hupiga simu kwa kiwanda, kiwanda kikataja msambazaji, msambazaji akataja duka, duka likafungua makabati. Duka likiwa limekufa, makaratasi yake yamepelekwa Martinsburg kwenye maboksi, na hata yakipigwa picha za kompyuta hayaruhusiwi kutafutwa kwa jina la mtu. Nchi zetu zimekwenda njia nyingine kabisa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayohusu silaha ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka silaha zote zisajiliwe na zitiwe alama. Kwa Mmarekani anayeipenda bunduki yake, daftari kama hilo ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa. Unaweza kukataa hoja hiyo, lakini usipoijua hutaelewa kwa nini mijadala yao haisogei.

Sasa mgeni mwenyewe. Hapa naomba msomaji aliyeko Minneapolis, Dallas au Columbus asome kwa utulivu, kwa sababu kosa la sehemu hii linafunga watu.

Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa visa ya muda kumiliki au hata kushika silaha ya moto au risasi. Visa ya masomo, ya matembezi, ya kazi ya muda, zote zimo. Aliyezidisha muda wake nchini naye yumo, chini ya kipengele chake. Adhabu ni hadi miaka 15. Ajabu ni kwamba tangu tafsiri ya Wizara ya Sheria ya mwaka 2011, katazo hili haliwagusi wanaoruhusiwa kuingia bila visa. Mtalii wa Uingereza au Japani aliyeingia bila visa anaweza kwenda kwenye uwanja wa shabaha wa Las Vegas na kufyatua anavyotaka. Mtalii wa Tanzania, Kenya au Burundi aliyesimama foleni ubalozini akapigiwa muhuri, akiishika bastola ile ile ametenda kosa. Uwanja wenyewe huenda usimuulize. Atasaini karatasi ya kukubali hatari, atapewa vizuia sauti vya masikioni, atapiga picha na kuituma kwa ndugu. Picha ndiyo ushahidi.

Kesi ya Rehaif inaonyesha jambo hili halibaki kwenye vitabu. Alikuwa kijana wa Falme za Kiarabu aliyekwenda Florida kwa visa ya masomo. Alama zikashuka, chuo kikamwondoa, hadhi ya visa ikaisha naye akabaki. Akaenda kwenye uwanja wa shabaha, akafyatua bunduki mbili. Alihukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi kwa hoja kwamba serikali lazima ithibitishe mshtakiwa alijua hana hadhi ya kisheria, lakini kufika kwenye ushindi huo kulimgharimu miaka.

Upenyo upo, na ni halali: mwenye visa ya muda akiwa na leseni ya uwindaji iliyotolewa kihalali na jimbo la Marekani na haijaisha, katazo humwondokea. Aende nayo mfukoni, imeandikwa jina lake, tarehe haijapita. Majimbo mengi yanadai kwanza kozi ya usalama wa uwindaji. Kozi hiyo inafaa kuchukuliwa hata na asiyetaka kuua swala.

Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, wakiwemo ndugu zetu wa bahati nasibu ya visa, anaruhusiwa kununua kwa fomu ile ile 4473. Mkimbizi aliyeletwa kwa mpango rasmi, kama maelfu ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopitia kambi za Nyarugusu au Kyangwali, hahesabiwi kuwa mwenye visa ya muda. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu amwone wakili kabla hajagusa chochote. Na wote ambao si raia wakumbuke kipengele cha sheria ya uhamiaji kisichosamehe: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kuondolewa nchini, hata ukiwa na kadi ya kijani ya miaka 20.

Mtego mbaya zaidi huanza kwa wema. Kijana mwenye visa ya masomo anamwambia binamu yake mwenye kadi ya kijani, "Kaka, ninunulie wewe, pesa hii hapa." Binamu anajaza fomu na kujibu ndiyo kwenye swali la mnunuzi halisi. Amesema uongo kwenye hati ya serikali kuu, na amemnunulia silaha mtu aliyekatazwa. Tangu 2022 kosa hilo la kununua kwa niaba lina kifungu chake, na kifungo chake ni hadi miaka 15. Wote wawili wamekwisha. Hata kuishi pamoja kuna hila yake: mahakama hutazama nani alijua silaha ilipo na nani angeweza kuifikia. Bastola ya binamu ikikaa kwenye droo ya sebuleni, mwanafunzi wa chumba cha pili anaweza kuhesabiwa kuwa nayo. Dawa ni sefu ambayo mwanafunzi huyo hana ufunguo wake wala namba zake.

Suala la AR-15, bunduki ndefu inayotajwa sana kwenye habari za mauaji, nalipita haraka, maana limeshachanganywa vya kutosha. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni ya ArmaLite. Bunduki hiyo ya dukani hutoa risasi moja kwa kila kubonyeza kifyatulio. Zile zinazomimina risasi mfululizo haziruhusiwi kuuzwa kwa raia ikiwa zimesajiliwa baada ya Mei 1986, na za kabla ya hapo bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Kisheria, katika AR-15 kinachoitwa bunduki ni kile kiunzi cha chini chenye namba: mtutu, kitako na vinginevyo huja kwa posta bila maswali.

Wala bunduki zote za Marekani si za hofu. Michigan msimu wa kuwinda swala kwa bunduki hufunguliwa Novemba 15, na alfajiri hiyo milio ya vijijini ni ya nyama ya majira ya baridi. Wawindaji huvaa rangi ya chungwa inayowaka ili wasipigane risasi, na mgeni anayependa kukimbia porini mwezi huo avae vivyo hivyo. Kila bunduki na kila boksi la risasi hulipiwa ushuru wa sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo huhifadhi wanyamapori na mapori yao. Kwa mtu wa nchi yenye Serengeti hiyo ni sera ya kuijua.

Turudi mlangoni. Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa akitafuta nyumba yenye sherehe na akagonga mlango usio wenyewe. Mwenye nyumba alitoka na bastola akampigia kelele kwa neno la Kiingereza "freeze". Kijana hakulielewa kama amri ya kusimama. Aliendelea kusogea, akapigwa risasi, akafa. Baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, lilimwachia mwenye nyumba mwaka uliofuata. Aprili 2023, Kansas City, kijana mwingine wa miaka 16 aliyekwenda kuwachukua wadogo zake alikosea kati ya barabara mbili zenye namba moja, moja ikiitwa Street na nyingine Terrace. Alibonyeza kengele na kupigwa risasi kupitia mlango wa kioo. Huyu alipona. Siku mbili baadaye, mashambani New York, msichana wa miaka 20 aliuawa ndani ya gari lililoingia kwenye uwanja wa nyumba isiyo yake, na safari hii mwuaji alifungwa.

Sheria za kujilinda nyumbani zinatofautiana kwa jimbo, lakini mgeni hawezi kuzijua zote akiwa mlangoni usiku. Anachoweza kubadili ni namna anavyobisha hodi. Desturi yetu ya kuingia uani huku ukiita "hodi hodi", ukizunguka nyuma walipo wapishi, ni adabu Tanga na ni hatari Tennessee. Piga simu kabla hujafika. Tumia mlango wa mbele tu. Bonyeza kengele, rudi nyuma hatua mbili tatu mpaka kwenye mwanga, mikono ionekane, simu iwe mkononi kabla mlango haujafunguliwa, si kuichomoa mfukoni mtu akikutazama. Kimya kikizidi, ondoka. Wanaofanya kazi ya kupeleka chakula na vifurushi, na ndugu zetu wengi wamo, wasome neno la mwisho la anwani kwa makini kama wanavyosoma namba.

Kwenye gari tatizo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Askari wa Marekani hufundishwa kudhani kila gari lina bunduki, na kwa hesabu ya milioni 393 ni vigumu kumwambia aache. Huku kwetu dereva akisimamishwa na trafiki hushuka, humsogelea, humwamkia "shikamoo afande". Kushuka ni heshima. Huko kushuka kunasomwa kama kujiandaa kwa mapambano. Patrick Lyoya, mkimbizi wa Kongo mwenye miaka 26, alishuka kwenye gari aliposimamishwa Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022, kwa sababu ya namba za gari. Hakuwa na silaha. Askari alimwuliza kama anajua Kiingereza. Wakashikana, wakagombania kifaa cha umeme cha askari, na Lyoya akapigwa risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2025 baraza la mahakama halikukubaliana na kesi haikurudiwa. Kushuka kwenye gari si kosa la kufia, na ninayoandika hapa hayamhamishii marehemu lawama hata chembe. Nayaandika kwa ajili ya dereva wa kesho.

Dereva huyo asogee kulia na kusimama. Azime injini, ashushe kioo, usiku awashe taa ya ndani. Mikono miwili juu ya usukani, abiria nao waweke yao mapajani. Asifungue droo ya dashibodi wala kujipekua kabla hajaulizwa, na akiulizwa atamke kwanza: leseni iko mfuko wa nyuma, naichukua. Asishuke mpaka aambiwe. Mwenye bastola halali garini ana jukumu la ziada: Michigan, kwa mfano, humtaka amjulishe askari mara moja. Aseme akiwa na mikono juu ya usukani, na asiifuate ilipo. Hata hivyo Philando Castile wa Minnesota alisema kwa upole kwamba anayo, mwaka 2016, na bado aliuawa. Utaratibu huu hupunguza hatari, hauiondoi.

Nimeiacha nyumba mwisho kwa sababu ndiko vifo viliko. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani. Waliouawa na wengine walikuwa 17,927. Waliojitoa uhai walikuwa 27,300. Rudia hesabu hiyo. Wanaoiogopa Marekani kwa sababu ya bunduki hawajaambiwa kwamba anayekufa kwa bunduki huko, mara nyingi zaidi, kashika bunduki yake mwenyewe. Watafiti wamekubaliana kuhusu sababu kwa miaka mingi: wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye, lakini anayetumia bunduki hapati nafasi ya pili mara tisa kati ya kumi. Mtu mwenye hali hiyo hiyo, katika nyumba isiyo na bunduki karibu, mara nyingi anaiona kesho.

Na watoto. Tangu 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua walio na umri wa mwaka 1 hadi 19 nchini humo. Makadirio yaliyochapishwa 2018 yalisema watoto milioni 4.6 wanaishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja iliyopakiwa na isiyofungiwa. Ajali za namna hii zina kosa moja linalojirudia. Mtu anachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, anaamini bastola imekuwa tupu. Haijawa. Risasi moja imebaki kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu. Mpangilio ni lazima: magazini kwanza, kisha slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, ivutwe nyuma mpaka risasi ya chemba iruke nje, kisha chemba itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Ukigeuza, ukavuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, unatoa risasi moja na kupakia nyingine. Muda wote mtutu utazame pasipo na mtu na kidole kikae nje ya kifyatulio.

Kufuli lipo, tena bure. Kwa sheria ya mwaka 2005 duka lenye leseni haliruhusiwi kuuza bastola bila kifaa cha kuifungia, na vituo vingi vya polisi hugawa kufuli za waya kwa anayeomba. Waya hupitishwa kwenye tundu la kutolea maganda na kutokea pale magazini inapoingia, bastola ikiwa tupu, slaidi haiwezi tena kufunga. Ni kazi ya sekunde chache. Katika kesi ya Oxford, Michigan, ambako mwanafunzi aliwaua wenzake wanne Novemba 2021 kwa bastola aliyonunuliwa siku nne kabla, mahakama ilionyeshwa kufuli la waya likiwa bado kwenye plastiki yake. Baba na mama walifungwa miaka 10 hadi 15 kila mmoja.

Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto kucheza kwa rafiki aulize, kama anavyouliza kuhusu mbwa na bwawa la kuogelea: mna bunduki nyumbani, na mmeifungia wapi? Wazazi wa Kimarekani wengi wameshaulizwa swali hilo na hawalioni kama tusi. Sisi tunaona haya kulitamka kwa mwenyeji. Mwenyeji akikasirika, watoto wachezee kwako.

Na kijana wa zamu za usiku aliyenyamaza wiki tatu, ambaye ndugu wanajua ana bastola? Namba 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, inapokea simu na ujumbe saa zote. Pamoja na simu hiyo, silaha iondoke nyumbani kwa muda. Colorado, Maryland na Washington kuna ramani mtandaoni za maduka ya bunduki na vituo vya polisi vinavyokubali kumhifadhia mtu, na kwingine maduka mengi hukubali yakiombwa. Pigeni kwanza, kwa sababu baadhi ya majimbo hudai ukaguzi kwa kila makabidhiano na msamaha wa dharura haufanani. Aipeleke mwenye uraia au kadi ya kijani, tupu, imefungwa kwenye kasha, risasi mbali nayo. Binamu mwenye visa ya masomo asiiguse, wala asikabidhiwe ufunguo. Yeye abaki sebuleni na ndugu yake mpaka wengine warudi.